Mwalimu Anajibu: Daktari wa Mito, Gauni la Mama na Simba wa Chini ya Meza

Mwezi uliopita niliwaomba wasomaji wanieleze watoto wao wadogo hucheza nini wakiachwa wenyewe. Nilitarajia mpira na matope. Barua zilizofika karibu zote zilikuwa za nguo: mashati ya baba, viatu vya mama, vinyago, mashuka yaliyofungwa mgongoni. Nimechagua sita.

Nilifundisha chekechea miaka 27 kabla ya kustaafu. Chini ya dirisha la darasa langu palikuwa na kapu kubwa. Ndani yake mlikuwa na mashuka matatu, koti la mtu mzima lililopungukiwa vifungo viwili, miwani isiyo na vioo, mkoba wenye zipu, shada la funguo zisizofungua mlango wowote, na kofia ya majani. Kila mhula nilipoteza kalamu za rangi, vitabu, hata viti. Kapu lile halikupotelewa na kitu, kwa sababu watoto wenyewe walililinda. Nalipenda kapu lile, na ni vizuri msomaji ayasome majibu yangu akilijua hilo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka minne na nusu. Tangu alipoachiwa shati jeupe kuukuu la baba yake, amekuwa daktari. Anaamka daktari, analala daktari. Mito yote ya sebuleni ni wagonjwa na mimi ndiye muuguzi. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, anasema namlea mtoto katika upuuzi: wenzake wanajua kuandika majina yao, yeye anapima mito homa. Je, mchezo huu una faida ya kweli, au nilifiche shati?
— Mama Daktari

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shati usilifiche.

Kabla sijakueleza lolote, nina kazi ya kukupa. Kesho mtoto akishavaa, kaa upande wa pili wa chumba na kazi yako ya mikono, usimkazie macho, umsikilize kwa robo saa. Utamsikia akiuuliza mto unaumwa wapi. Kisha atanyamaza. Ukimya huo ndio ninaotaka uusikie. Mto haujibu, kwa hiyo jibu analitunga yeye. Inambidi ahamie upande wa mgonjwa, aone mgonjwa anaogopa nini, halafu arudi upande wa daktari amtulize. Mtoto ambaye asubuhi alimnyang'anya mwenzake kikombe bila kuwaza, hapo anawaza kwa niaba ya watu wawili. Sikiliza na maneno yake. "Vuta pumzi." "Itauma kidogo tu." "Utarudi Jumatano." Nyumbani hamzungumzi hivyo. Ameyaokota kwenye chumba cha matibabu siku aliyopelekwa yeye, akayaweka, na shati ndilo linalompa ruhusa ya kuyatoa.

Halafu tazama anavyojizuia. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Umoja wa Kisovieti, aliligusa jambo hili katika mhadhara wake wa mwaka 1933: mtoto anapocheza huwa kana kwamba amejizidi kimo kwa kichwa kizima. Sisi watu wazima hudhani mchezo wa kujifanya ni uhuru mtupu. Yeye aliona kwamba kila nafasi anayoichukua mtoto ina sheria zake. Daktari halii. Daktari harushi vitu. Daktari husubiri mgonjwa amalize kusema. Hakuna aliyempangia mwanao sheria hizo. Alizichukua mwenyewe siku alipolivaa shati, na anazitii kuliko anavyokutii wewe.

Hili limepimwa. Mwaka 1948 mtafiti wa huko huko, Manuilenko, aliwataka watoto wa umri wa chekechea wasimame bila kutikisika. Walipoambiwa tu wasimame, walichoka upesi. Walipofanywa walinzi walio zamuni, walisimama muda mrefu zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani wakachapisha jaribio la watoto 180, wa miaka 4 na miaka 6. Walipewa kazi ya kuchosha kwenye kompyuta, dakika 10, na pembeni pakawekwa kishikwambi chenye mchezo wa kuvutia ambao wangeweza kuukimbilia wakati wowote. Wengine waliambiwa wajiulize, "Je, ninafanya kazi kwa bidii?" Wengine wajiulize hivyo kwa kujitaja majina. Wengine walichagua mhusika mchapakazi, kwa mfano Batman, shujaa wa katuni, wakavaa kitu chake, wakajiuliza, "Je, Batman anafanya kazi kwa bidii?" Hao wa mwisho ndio waliodumu kazini kuliko wote.

Hata hivyo sitaki umpelekee mama mkwe ahadi nisizoweza kuzisimamia. Mwaka 2013, miaka minne kabla ya jaribio hilo, Angeline Lillard wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walipitia tafiti za miongo mingi kuhusu michezo ya kujifanya. Waliona kwamba ushahidi wa kuwa mchezo huo, peke yake, ndio unaowaongezea watoto akili na ubunifu ni hafifu kuliko tunavyopenda kusema sisi tulio upande wake. Nimeukubali uamuzi huo. Simwachii mtoto shati ili apate alama. Namwachia kwa sababu katika saa ile anajitawala. Siku ya mtoto mdogo ni ya kuamshwa, kuogeshwa, kuvalishwa, kuambiwa kula na kuambiwa kulala. Saa ya shati ni yake.

Kuhusu kuandika, mama mkwe ana haki ya kuuliza, na umjibu kwa vitendo. Daktari huandika dawa. Tia kijidaftari na penseli fupi kwenye mfuko wa shati, usiseme neno. Mwanzoni ataandika mistari ya mawimbi. Siku moja atakuja akuulize jina la mgonjwa linaanzaje, na hapo umwonyeshe. Darasani kwangu herufi nyingi za kwanza ziliandikwa na madaktari na makondakta wa basi waliotoka kwenye kapu, si na wanafunzi walioketi mbele ya ubao wangu.

Ila usimgeuzie mchezo kuwa somo. Mimi nilifanya kosa hilo. Mwaka wangu wa tatu kazini nilimwendea msichana aliyekuwa akiuza duka kwa furaha kubwa, nikamwambia, "Haya mwenye duka, hebu nihesabie mpaka ishirini." Akavua koti, akalikunja, akanikabidhi. "Sasa sichezi tena," akasema. Alikuwa na haki yake, na nilimwomba radhi.

Mama mkwe mwombe, kwa heshima zote, awe mgonjwa siku moja. Aumwe goti. Awe na swali la kumwuliza daktari.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni baba wa mvulana wa miaka mitatu na miezi minane. Kila mama yake akitoka, mtoto anavaa gauni la mama na viatu vya visigino, anabeba mkoba, ananitangazia kwamba anakwenda kazini. Juzi kaka yangu mkubwa alimkuta hivyo, akamvua gauni kwa hasira. Mtoto alilia mpaka usingizi ukamchukua. Sijui kama kaka alikosea au ni mimi ninayelea vibaya.
— Baba Mwenye Wasiwasi

JIBU: Baba, rudi kwenye barua yako usome maneno haya: "kila mama yake akitoka." Jibu umeshaliandika mwenyewe.

Mama anaondoka, na mtoto hana uwezo wa kumzuia wala hajui saa ya kurudi kwake. Akivaa gauni, anayeondoka ni yeye. Mwangalie vizuri safari nyingine. Atafika mlangoni, atageuka, atasema, "Nimerudi!" Pengine atafanya hivyo mara tisa mfululizo. Kila mara mama anarudi kwa wakati ambao mtoto ameupanga. Katika miaka yangu yote sijaona njia bora zaidi ya mtoto wa umri huo kuibeba huzuni ya kuachwa, tena bila msaada wa mtu.

Najua hofu yako iko wapi, na sitaipita kando. Mtoto wa miaka mitatu na ushei hajui jinsia kama unavyoijua wewe. Mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg alieleza jambo hili mwaka 1966, na wengi waliomfuata wameliona: mtoto mdogo hujua kusema "mimi mvulana", lakini kwamba mtu hubaki vilevile hata akibadili nguo au nywele ni jambo linalomkaa sawasawa baadaye, kwa kawaida kati ya miaka 5 na 7. Kwake yeye gauni ni mama, kama mkia ni paka. Huwezi kusoma kesho ya mtoto katika gauni alilovaa leo, kama usivyoweza kuisoma katika mkia. Wasichana wangu wa chekechea walilivaa lile koti la kiume kila wiki, wakajichora ndevu kwa mkaa, wakakohoa kama wazee. Hakuna mzazi hata mmoja aliyeniandikia barua ya wasiwasi.

Kilichomuumiza mwanao ni ile hasira. Hakujifunza lolote kuhusu magauni. Alijifunza kwamba alipokuwa amemshika mama yake kwa namna yake, mikono ya baba mkubwa ilimnyang'anya. Zungumza na kaka yako, lakini mkiwa wawili tu. Kaka mkubwa hakosolewi mbele ya mtoto. Mweleze habari ya mlango na ya kurudi mara tisa. Nadhani atanyamaza.

Kwa mtoto, mambo mawili. Mkeo atenge gauni moja lililochoka liwe la kuchezea, ili lile la kutokea lipone. Na wewe weka kitu chako hapo: kofia, au fulana unayoipenda iliyotoboka. Nawe hutoka nyumbani. Siku yako ya safari mwanao naye apate cha kuvaa. Visigino virefu viondoe kabisa. Kifundo cha mguu cha mtoto hakistahimili, na kama nyumba ina ngazi, hilo si la kujadiliwa.

SWALI: Shikamoo. Binti yangu bado kidogo atimize miaka mitatu. Baba yake alinunua kinyago cha simba, akamwonyesha kwanza, mtoto akakishika na kucheka. Baba akakivaa palepale mbele ya macho yake. Mtoto alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia. Sasa ni wiki ya pili, baba akitaka kumbeba anajificha nyuma yangu. Tumemwambia mara mia kwamba ni baba tu. Je, mwanangu ni mwoga?
— Mama Binti

JIBU: Marahaba mama. Mwanao si mwoga. Anaamini anachokiona.

Mwaka 1969 mtafiti Mmarekani, Rheta DeVries, alichapisha kisa cha paka. Paka huyo aliitwa Maynard, mpole kabisa. Watoto wa miaka 3 hadi 6 walimpapasa kwanza, wakakubali kwamba ni paka. Kisha kichwa chake kikafichwa nyuma ya kizuizi, akavalishwa kinyago cha mbwa mkali, huku watoto wakiendelea kuona sehemu ya nyuma ya mwili wake. Alipogeuzwa, waliulizwa: sasa huyu ni nani? Anaweza kubweka? Wakubwa wa miaka sita walijua ni Maynard aliyevikwa kinyago. Wengi wa miaka mitatu waliona mbwa, na wapo waliomwogopa, ingawa mkia haukuwahi kuondoka machoni pao.

Binti yako yuko katika umri uleule. Uso ndio mtu. Uso wa baba ulipotoweka na mwingine kutokea, baba alikwenda wapi? Na maneno "ni baba tu" hayamfikii, kwa sababu anaogopa kwa macho, nanyi mnajibu kwa masikio. Hata wakubwa wake hawako salama hapo. Mtafiti Paul Harris na wenzake, mwaka 1991, waliwaomba watoto wa miaka 4 na 6 wawazie kwamba ndani ya sanduku tupu yumo kiumbe. Watoto walisema wazi kwamba hayumo. Walipoachwa peke yao chumbani, baadhi yao walilisogelea sanduku na kulichungulia.

Kwa hiyo acheni kumweleza. Baba akae sakafuni, awe chini kuliko mtoto, amwambie, "Nilikutisha. Samahani." Kinyago kiwekwe mezani kikiangalia juu, kikae hapo siku mbili tatu, asilazimishwe kukigusa. Siku atakapokigusa mwenyewe, kivisheni mdoli. Kisha goti. Goti lililovaa kinyago ni dawa kubwa, nimeliona likiwachekesha watoto waliokuwa wakitetemeka, kwa sababu kila mtu anajua goti si simba. Baadaye avae yeye mbele ya kioo, akivue, akivae, akivue. Kwa umri wake anajitambua kwenye kioo. Wengi huanza kati ya miezi 18 na 24. Baba awe wa mwisho, na asikifunge kichwani. Kikatieni kijiti, akishike kwa mkono mbele ya uso, na mtoto ndiye aamuru: "Weka! Toa!" Akisema toa, kitolewe mara hiyo hiyo, hata kama mchezo ndio kwanza umenoga.

Wala msimcheke. Wiki mbili si nyingi.

SWALI: Mwanangu, miaka minne, amekuwa simba tangu Jumatatu. (Naona mwezi huu simba wametuandama.) Ana mkia wa kitambaa, anakula chini ya meza, na amemng'ata mdogo wake mara mbili. Nikimkanya ananiambia simba hasikii maneno ya watu. Nifanyeje?
— Mama Simba

JIBU: Zungumza na simba kwanza. Inama chini ya meza umwambie kwa sauti ya anayewajua simba: "Simba wa pango hili hang'ati watoto wake. Anawalinda." Mara nyingi hilo hutosha, kwa sababu umempa sheria mpya ya kuwa simba bora, naye anataka kuwa simba bora. Mpe simba kazi: alinde mlango, atafute kiatu kilichopotea, amwimbie mdogo wake alale kwa kunguruma polepole.

Aking'ata tena, mchezo umekwisha hapo. Vua mkia kwa upole, mtaje kwa jina lake, mwambie, "Sasa nasema na wewe. Umemuumiza mdogo wako." Maumivu ni ya kweli hata kama simba si wa kweli, na mtoto wa miaka minne anaijua tofauti hiyo vizuri sana, ndiyo maana alijificha nyuma ya mkia. Mkia arudishiwe baadaye siku hiyohiyo. Usiuzuie wiki nzima, hataikumbuka sababu.

Kula chini ya meza, muachie hadi Jumapili. Nina hakika ataamka Jumatatu akiwa kitu kingine.

SWALI: Mwalimu, wengine wanasema watoto wao wanavaa nguo na kujifanya hiki na kile. Wangu ana miaka mitatu, hataki hata kofia. Nina tatizo?
— Mzazi Msomaji

JIBU: Kutotaka kofia si tatizo. Wapo watoto ambao kitambaa kigeni kichwani au shingoni huwakera kweli, na huigiza kwa vidole, kwa magari, kwa vijiti viwili vinavyozungumza. Swali langu ni jingine: je, kuna chochote anachokifanya kiwe kitu kingine? Amewahi kunywa kwenye kikombe kitupu akasema "aah"? Kumlaza mdoli? Kushika kijiti na kukiita simu? Watoto wengi huanza vijimchezo hivyo kwenye mwaka wa pili, na wakifika miaka miwili na nusu huwa wazi kabisa. Kujigeuza mtu au mnyama mwingine huja baadaye, karibu na mwaka wa nne, kwa hiyo wa miaka mitatu bado ana muda.

Lakini kama hajifanyi kitu chochote, tena hakuonyeshi vitu kwa kidole, akiitwa jina hageuki, au maneno aliyokuwa nayo yamepotea, usingoje toleo lijalo la gazeti. Mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya watoto wiki hii umweleze hayo yote. Pengine ni masikio tu. Kujua mapema ni heri kwake.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, salaam. Nami ni mstaafu wa ubao, sasa nalea wajukuu watatu: mmoja ana miaka miwili, mmoja minne, mmoja sita. Nataka niwatengenezee kapu kama lako. Wazazi wao wanataka kununua mavazi kamili ya dukani, ya malkia na ya mashujaa. Nitie nini, nisitie nini?
— Bibi Mlezi

JIBU: Salaam dada yangu, na pole kwa kazi, maana walezi wa watatu hawakai.

Vazi la dukani si baya. Mtoto akililia sana, apewe moja. Tatizo langu nalo ni kwamba limeshamaliza kufikiri kabla mtoto hajaanza. Vazi la malkia ni malkia siku zote. Shuka ni malkia asubuhi, mto saa nne, mgonjwa aliyefunikwa saa sita, mbawa jioni. Kwa hiyo anza na vitambaa vitupu: vitatu au vinne, kimoja kizito, kimoja chepesi kinachopepea mtoto akikimbia, chenye urefu usiozidi magoti yake. Kisha ongeza vitu vya kazi, kwa maana watoto wa miaka minne wanapenda kazi kuliko utukufu: mkoba, miwani isiyo na vioo, aproni, kofia za aina mbili tatu, simu iliyokufa iliyotolewa betri. Vitu kumi vinatosha. Vikizidi humwagwa sakafuni na hakuna anayeviona tena. Kila baada ya wiki chache ficha viwili, rudisha viwili vya zamani. Watavipokea kama wageni.

Changanya vifungo vya kila namna. Kufungua huja kabla ya kufunga: wengi hufungua baadhi ya vifungo wakiwa na miaka minne, na kuvifunga karibu na mwaka wa tano. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, aliwatengenezea watoto fremu za vitambaa zenye vifungo, kamba na bizimu ili wazoeze vidole. Yeye hakuwa mpenzi wa michezo ya kujifanya, na hapo sikubaliani naye. Nimeona mtoto akiiacha fremu baada ya vifungo viwili, kisha akavifunga sita vya koti bila kuinua kichwa, kwa sababu basi lilikuwa linaondoka na dereva alikuwa yeye.

Sasa niambatane nawe kwenye usalama, na hapa sitakuwa na haraka.

Shingo kwanza. Mwaka wangu wa sita nilimfungia mvulana shuka shingoni, fundo mbili, mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Alikimbia kupita mlangoni, ncha ya shuka ikanasa kwenye kitasa, akavutwa nyuma akaning'inia, visigino tu vikigusa chini. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Alibaki na alama nyekundu kwa siku mbili, nami sikufunga tena kitu chochote shingoni kwa mtoto. Kiwango cha Ulaya cha nguo za watoto, EN 14682, hakiruhusu kamba za kufungia kwenye kofia na shingo za nguo za watoto wadogo wasiofika miaka 7, na sababu yake ni hiyohiyo niliyoiona. Joho la shujaa libanwe mabegani kwa vipande vya velkro, vile vinavyonatana na kuachia vikivutwa. Mikufu, mikanda mirefu na tai za kufunga zisiwemo kabisa, tai ishonwe kwenye ukosi wa fulana.

Huyo wa miaka miwili ndiye wa kupimia kila kitu, kwa maana kapu la wakubwa ni la kwake pia. Viwanda vya vitu vya kuchezea hutumia kipimo cha mcheduara wenye upana wa milimita 31.7: kitu kinachozama ndani yake hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Wewe tumia moyo wa karatasi ya chooni, ambao ni mpana zaidi kidogo. Kikipita ndani, ondoa. Vuta kila kifungo kwa nguvu kabla hujakitia kapuni. Taji au viatu vinavyowaka taa vina betri ndogo za mviringo mfano wa kifungo. Mtoto akiimeza, huunguza koo ndani ya saa chache tu. Kama kifuniko chake hakifungwi kwa skrubu, taji hilo lisiingie nyumbani.

Nguo za nailoni na manyoya bandia ziwe mbali na moto na mishumaa. Kinyago kiwe na matundu makubwa ya macho na pua, wala kisivaliwe ngazini. Mifuko ya plastiki isiwe kofia hata kwa mzaha.

Utaulizwa kuhusu chawa. Chawa husambaa hasa kichwa kwa kichwa, na akiwa nje ya kichwa cha mtu hufa ndani ya siku moja au mbili. Kukiwa na chawa nyumbani, weka kofia pembeni kwa siku kadhaa, kapu liendelee. Vitambaa fua kila wiki kama mashuka ya kulalia.

Weka kioo chini, kwa kimo cha yule wa miaka miwili, kisichovunjika na kilichofungwa ukutani. Wa miaka sita pengine atakuambia amekuwa mkubwa, hayo ni ya watoto. Usimshawishi. Mwombe awe fundi, akate tiketi, apange nani atoke lini. Baada ya nusu saa utamkuta amevaa.

Na kofia ya majani ikimeguka ukingo usiitupe. Ile yangu ilimeguka mwaka wa kwanza ikabaki kapuni mpaka nastaafu. Imekuwa sahani, imekuwa usukani, na mwaka mmoja ikawa kiota. Mtoto aliyeifanya kiota aliiatamia dakika arobaini bila kusema neno, nasi darasa zima tulipita kando yake tukinyata.